Kutoka Peponi hadi Nchi Mpya: Historia ya Msamiati wa Matumaini ya Kikristo katika Biblia ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi fundisho la Kikristo kuhusu mbingu na nchi mpya lilivyopata sura katika lugha ya Kiswahili tangu kazi za mwanzo za tafsiri katika karne ya 19. Hoja kuu ni kwamba fundisho hilo lina mikondo miwili mikongwe: mmoja unaotazamia roho kupanda kwenda kwa Mungu na mwingine unaotazamia viumbe vyote kufanywa upya. Mikondo yote miwili imo katika Maandiko, lakini Kiswahili cha kanisa kimeupa wa kwanza nafasi kubwa zaidi. Sababu zinazojadiliwa ni tatu: urithi wa leksia ya kidini ya pwani, kiambishi tamati -ni cha mahali, na kufinyika kwa maana ya neno nchi katika karne ya 20. Makala yanamalizika kwa kuonyesha athari za suala hili kwa watafsiri na wachambuzi wa fasihi ya kidini.

1.0 Utangulizi

Katika matangazo ya vifo, magazetini na redioni, mzungumzaji wa Kiswahili hukutana mara kwa mara na dua inayomwomba Mungu ailaze roho ya marehemu mahali pema peponi. Waislamu huitumia na Wakristo huitumia, na ni vigumu kwa msikilizaji kujua dini ya marehemu kwa kuisikia dua hiyo peke yake. Wanaisimu wamezoea kuipita kama fomula tu. Hata hivyo, fomula hiyo imebeba teolojia nzima. Inataja roho, haitaji mwili. Inatumia kitenzi -laza, kinachoashiria kupumzishwa, na wala si -fufua. Inataja mahali, haitaji wakati. Mtu aliyejifunza imani ya Kikristo kutokana na dua hii peke yake asingejua kwamba kanuni za imani za kanisa hilohilo hukiri ufufuko wa miili, wala kwamba kitabu cha mwisho cha Biblia hakiishii kwa watu kupanda juu bali kwa mji kushuka chini.

Swali linaloongoza makala haya ni la kihistoria na la kiisimu kwa pamoja: ilikuwaje Kiswahili cha kanisa kikawa na msamiati mwingi na mwepesi wa kuieleza safari ya roho, ilhali kinahitaji maelezo marefu kila kinapotaka kusema habari za dunia kufanywa upya? Jibu linatafutwa katika maneno matano: pepo, mbingu, dunia, nchi na -pya. Mifano ya Biblia inatokana hasa na Tafsiri ya Muungano, iliyokamilika mwaka 1952, kwa kuwa ndiyo iliyojenga masikio ya Wakristo wengi wa Kiprotestanti wa Afrika Mashariki.

2.0 Mikondo Miwili ya Fundisho

Kabla ya kuingia katika Kiswahili, yafaa kukumbuka kwamba mvutano huu haukuanzia Mombasa wala Unguja. Katika karne ya 2, Irenaeus, askofu wa Lyon, aliwapinga walioidharau maada kwa kufundisha kwamba Mungu atairejesha dunia hii hii, nayo itazaa kwa wingi usioneneka. Alinukuu mapokeo yaliyohusishwa na Papias kuhusu mizabibu yenye matawi elfu kumi kila mmoja. Katika karne iliyofuata, Origen wa Aleksandria aliona lugha ya namna hiyo kuwa ya kitoto, akaisoma kama fumbo la maendeleo ya roho. Augustino, katika kitabu chake kuhusu Mji wa Mungu, alijaribu kushika njia ya kati: umbo la ulimwengu huu litapita, lakini asili yake haitaangamizwa.

Katika Zama za Kati uzito ulihamia juu. Mwaka 1336 Papa Benedikto XII alitangaza katika hati ya Benedictus Deus kwamba roho za wenye haki zilizotakasika humwona Mungu uso kwa uso hata kabla ya ufufuo. Tamko hilo halikukana ufufuo wa miili, lakini lilifanya yaliyo muhimu zaidi yaonekane kuwa yamekwisha kupatikana bila mwili. Katika teolojia ya Thomas Aquinas na wafuasi wake, mimea na wanyama hawana nafasi katika ulimwengu uliofanywa upya, kwa kuwa mwanadamu aliyetukuzwa hatawahitaji tena. Mkondo wa pili haukukauka. John Wesley, katika hotuba zake za mwaka 1781 na 1785, alitetea kwamba wanyama pia watakombolewa na kwamba viumbe vyote vitafanywa upya.

Jambo la kuzingatia ni kwamba wamisionari wa karne ya 19 walifika pwani ya Afrika Mashariki wakiwa na mikondo yote miwili katika vitabu vyao, ila mmoja tu katika nyimbo zao. Nyimbo za uamsho za Uingereza na Marekani, kama zile zilizokusanywa na Ira D. Sankey kuanzia mwaka 1873, ziliimba habari za ng'ambo ya mto, pwani ya mbali na nyumba ya juu. Kitabu cha John Bunyan kuhusu msafiri, kilichotoka mwaka 1678, kilisimulia maisha ya imani kama safari ya kuuacha mji mmoja kwenda mji mwingine. Isabel Hofmeyr ameonyesha kwamba kitabu hicho kilitafsiriwa katika lugha zipatazo 80 za Afrika. Masimulizi ya safari, basi, yalikuwa yamekwisha kuandaliwa. Kilichobaki kilikuwa kuyapatia maneno.

3.0 Leksia Waliyoikuta Watafsiri

Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huohuo akaanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo. Sura tatu za kwanza zilichapishwa Marekani mwaka 1847. Kwa hiyo, kazi ya tafsiri ya Biblia kwa Kiswahili ilianza na aya inayozitaja mbingu na nchi pamoja, na uchaguzi wa maneno hayo mawili ulikuwa miongoni mwa maamuzi ya kwanza kabisa. Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 na kufariki mwaka 1882 akiwa askofu, aliendeleza kazi hiyo kwa lahaja ya Kiunguja, huku wamisionari wa Mombasa wakishikilia Kimvita.

Wote hawa waliikuta lugha iliyokwisha kuzungumza habari za mwisho kwa karne kadhaa. Utenzi na kasida za pwani zilikuwa na ahera, kiyama, jehanamu na pepo. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir ilikuwa imeonyesha, kwa kutumia magofu ya Pate, jinsi dunia inavyomhadaa mtu. Mtafsiri hakuweza kuanza upya. Alichoweza kufanya ni kuchagua, na kila neno alilolichagua lilikuja na jamaa zake.

Neno pepo linafaa kuchunguzwa kwanza. Mzizi wake ni wa Kibantu cha kale, wenye maana zinazozunguka upepo, baridi na roho. Jamaa zake katika Kiswahili cha leo ni upepo, kupepea na kipepeo. Pepo kama makao ya waliobarikiwa ni mahali pa ubaridi na upepo mwanana, taswira inayoeleweka vizuri kwa mtu wa nchi ya joto. Hata hivyo, mzizi huohuo umezaa pepo kwa maana ya roho chafu, na Biblia ya Kiswahili inazitumia maana zote mbili. Kinachozitenganisha ni sarufi. Pepo mbaya anachukua upatanisho wa kiumbe hai na anapungwa au kukemewa. Pepo ya raha inachukua upatanisho wa kitu, na mara nyingi zaidi inaonekana ikiwa na -ni. Lugha imeilinda tofauti hiyo kwa kulifanya neno la raha kuwa jina la mahali.

Upande wa Kigiriki, neno linalolingana na pepo ni paradeisos, lenye asili ya Kiajemi na maana ya bustani iliyozungushiwa ukuta. Watafsiri wa Kigiriki wa Agano la Kale walilitumia kwa bustani ya Edeni. Katika Agano Jipya linatokea mara tatu tu: katika ahadi ya Yesu kwa mhalifu msalabani (Luka 23:43), katika maono ya Paulo (2 Wakorintho 12:4), na katika ahadi ya mti wa uzima (Ufunuo 2:7). Tafsiri ya Muungano inatumia peponi katika mawili ya kwanza na bustani katika la tatu. Uamuzi huo unaeleweka, kwa kuwa mti hukaa bustanini. Lakini matokeo yake ni kwamba msomaji wa Kiswahili hawezi kuuona uzi unaozifunga Edeni, msalaba na mji mpya. Pepo imekuwa mahali pa wafu, na bustani imekuwa mahali pa miti.

Hapa inafaa kulikumbuka jaribio la Karl Roehl, ambaye Agano Jipya lake lilitoka mwaka 1930 na Biblia nzima mwaka 1937. Roehl alikusudia kupunguza maneno ya Kiarabu na kuyapa nafasi ya Kibantu. Mradi wake umejadiliwa sana kwa upande wa siasa ya lugha. Kwa mada yetu, unaonyesha mpaka wa hoja ya asili ya maneno. Pepo, mbingu na nchi ni maneno ya Kibantu tayari. Dunia, ahera na kiyama ni ya Kiarabu. Kama tatizo lingekuwa asili, pepo lisingekuwa na tatizo lolote. Neno hilo lilikuwa limepata maana yake ya kidini katika matumizi ya Waislamu wa pwani, na maana hiyo haifutiki kwa kuuangalia mzizi.

4.0 Mbingu na Kiambishi -ni

Mbingu ni umbo la wingi ambalo umoja wake wa kale, uwingu, umekaribia kusahaulika, ingawa jamaa yake wingu angali hai. Katika maandiko ya Kiswahili cha kanisa, hata hivyo, umbo linalotawala ni mbinguni. Kiambishi -ni hugeuza nomino kuwa mahali: mtu huenda, hukaa au hutoka huko. Nomino inayotokea karibu kila mara ikiwa na kiambishi hiki huanza kueleweka kuwa ni mahali na si kingine.

Mfano ulio wazi ni ule usemi wa Injili ya Mathayo unaotafsiriwa ufalme wa mbinguni. Kigiriki chake hakina alama ya mahali. Kina uhusiano wa umilikaji tu, kama tungesema ufalme wa mbingu. Wataalamu wengi wa Agano Jipya wameeleza kwamba mbingu katika usemi huo husimama badala ya jina la Mungu, kwa heshima ya Kiyahudi, na kwamba Marko na Luka katika vifungu sambamba husema ufalme wa Mungu. Maana yake ni utawala wa Mungu, ambao Yesu aliutangaza kuwa umekaribia kufika hapa. Kiswahili, kwa silabi moja, kimeupa ufalme huo anwani. Ufalme wa mbinguni husikika kuwa ufalme ulioko juu, unaongojea wageni kutoka chini.

Hatudai kwamba silabi moja iliunda imani. Mahubiri na nyimbo zilikuwa na nguvu zaidi. Lakini silabi hiyo iliyaunga mkono kila Jumapili, bila msomaji kutambua kwamba kulikuwa na chaguo jingine.

Mwelekeo huo huonekana pia katika vitenzi. Mkristo wa Kiswahili huenda mbinguni, hunyakuliwa mbinguni, huingia mbinguni. Katika Ufunuo 21, mwelekeo ni kinyume. Kitenzi cha msingi ni -shuka: Yerusalemu mpya unashuka kutoka kwa Mungu, na maskani ya Mungu yanakuwa pamoja na wanadamu. Mji huo una urefu, upana na kimo cha stadia elfu kumi na mbili za Kigiriki, una milango kumi na miwili, mto, na mti ambao majani yake ni ya kuwaponya mataifa. Vipimo hivyo ni vya kiishara, lakini mahali pa ishara ni duniani. Ni mara chache sana kusikia mahubiri ya Kiswahili yanayokitumia kitenzi -shuka kama kiini cha tumaini.

5.0 Dunia, Nchi na Kufinyika kwa Maana

Neno la Kigiriki gē, linalomaanisha ardhi, nchi kavu au dunia, limegawanywa katika Tafsiri ya Muungano. Katika Mwanzo 1:1, Isaya 65:17, 2 Petro 3:13 na Ufunuo 21:1, mwenzake wa mbingu ni nchi. Katika Sala ya Bwana, mwenzake wa mbinguni ni duniani. Wakati huohuo, dunia inatumika pia kutafsiri kosmos katika 1 Yohana 2:15, pale waamini wanapoonywa wasiipende. Hivyo, dunia ambamo mapenzi ya Mungu yanaombewa yatimizwe inashiriki jina moja na dunia ambayo hairuhusiwi kupendwa.

Dunia lilikuwa na historia yake kabla ya Biblia. Katika ushairi wa pwani na katika methali, dunia ni mapito, ni hadaa, ni mti mkavu usioegemewa. Mwenzake wa asili ni ahera. Katika jozi hiyo, dunia haifanywi upya, huachwa. Kwa mtazamo huu, watafsiri waliolichagua nchi kwa Ufunuo 21 walikuwa na busara. Dunia mpya ingesikika kama mkanganyo wa maneno. Nchi, yenye mzizi wa Kibantu cha kale na umbo la nti katika Kimvita, ilikuwa na maana pana ya udongo, eneo na makazi. Maana hiyo bado ipo katika nchi kavu, na ilikuwa ikisikika katika heri ya wapole watakaoirithi nchi (Mathayo 5:5).

Lakini lugha haikusimama. Katika karne ya 20, na hasa baada ya uhuru wa Tanganyika mwaka 1961 na wa Kenya mwaka 1963, nchi ilijifunga zaidi na zaidi kwenye dola. Mkuu wa nchi, nje ya nchi, nchi zinazoendelea na mwananchi ni misemo ambayo ndani yake udongo umefifia na bendera imejitokeza. Maana pana ya kale ilichukuliwa na ardhi kwa upande wa udongo, na dunia kwa upande wa sayari. Msomaji wa leo anapokutana na nchi mpya, anasikia taifa jingine lililo mahali pengine. Neno lililochaguliwa ili kuepusha wazo la kuiacha dunia limegeuka, bila kosa la mtafsiri, kuwa neno linalounga mkono wazo hilo.

Kivumishi -pya kimechangia. Kigiriki kina neos na kainos. La pili, ndilo lililotumiwa katika Ufunuo 21, mara nyingi huelekea kwenye upya wa hali kuliko upya wa umri, ingawa waandishi wa Agano Jipya hawakuitunza tofauti hiyo kila mahali. Katika Kiswahili, nyumba mpya ni nyumba nyingine. Nyumba ileile iliyotengenezwa huitwa nyumba iliyofanywa upya. Kiswahili kina njia ya kueleza wazo la pili, lakini njia hiyo inahitaji kishazi, na kishazi hakikai vizuri katika ubeti wa wimbo.

6.0 Suala la Moto

Kipo kifungu kimoja ambacho msamiati wake una uzito wa kipekee: 2 Petro 3:10. Tafsiri ya Muungano inatumia kitenzi -teketea kwa nchi na kazi zilizomo. Usomaji huo una msingi katika hati nyingi za Kigiriki na katika tafsiri za Kiingereza za zama zake. Hati mbili kongwe za karne ya 4, Sinaiticus na Vaticanus, zina kitenzi tofauti kabisa, chenye maana ya kupatikana au kuonekana wazi. Wahakiki wamebishana kuhusu kitenzi hicho kwa muda mrefu, na toleo la 28 la Nestle-Aland la mwaka 2012 limekwenda hadi kuweka ukanushi mbele yake. Kwa vyovyote, uwezekano kwamba mwandishi alisema juu ya nchi kufunuliwa kwa hukumu, na si kuangamizwa, haujulikani kwa msomaji wa Kiswahili peke yake.

Hapa ndipo suala la msamiati linapogusa maisha. Jamii inayoamini kwamba ardhi itateketea na kwamba makao ya kweli yako kwingine ina sababu moja pungufu ya kuihifadhi. Warumi 8, panapozungumziwa viumbe vinavyougua vikingoja kukombolewa, hutoa sababu hiyo. Lakini sura hiyo hubaki kimya katika mazungumzo ya kawaida kwa sababu haina fomula, haina wimbo mashuhuri, haina neno moja la kuibeba.

7.0 Mbiti na Swali la Wakati

Mjadala huu hauwezi kukamilika bila John Mbiti. Katika kitabu chake cha mwaka 1971 kuhusu eskatolojia ya Agano Jipya katika mazingira ya Kiafrika, alichunguza jinsi Wakamba waliofundishwa na Africa Inland Mission walivyozipokea taswira za mji, nchi, hazina, chakula na moto. Aliona kwamba taswira hizo zilichukuliwa kama maelezo halisi ya mahali, na kwamba Kristo, ambaye taswira zilimwelekea, aliachwa pembeni. Miaka miwili kabla, alikuwa ametumia maneno ya Kiswahili sasa na zamani kuunda nadharia yake ya wakati, akidai kwamba nyakati tatu za wakati ujao katika Kikamba na Kigikuyu hazivuki miaka miwili hivi.

Kwa mwanaisimu, sehemu ya kwanza ya kazi ya Mbiti ina nguvu kuliko ya pili. Nadharia ya wakati ilipingwa, miongoni mwa wengine, na Kwame Gyekye kwa ushahidi wa Kiakan. Kiswahili nacho hakiiungi mkono: kiambishi -ta- hutumika kwa kesho na kwa siku ya mwisho bila kubadilika, na msamiati wa kiyama na ahera unathibitisha kwamba wakati wa mbali ulisemwa vizuri kabla ya wamisionari. Tatizo la Kiswahili cha kanisa halikuwa ukosefu wa wakati ujao. Lilikuwa wingi wa mahali. Peponi, mbinguni, kuzimuni, na kwa Wakatoliki toharani, ni maneno yaliyounda ramani. Ramani ikishapatikana, swali la lini hudhoofika, kwa kuwa kila mtu hufika huko siku ya kifo chake. Ufufuo, ambao ni tukio na si mahali, hauna pa kuwekwa katika ramani hiyo.

Kwa hiyo, tunapendekeza kuirekebisha hoja ya Mbiti badala ya kuikataa. Alichokiona ukambani kilikuwa kweli, lakini chanzo chake kinatafutwa vyema zaidi katika mofolojia ya mahali na katika nyimbo zilizotafsiriwa kuliko katika dhana ya jumla ya Mwafrika na wakati.

8.0 Hitimisho

Historia iliyosimuliwa hapa si ya makosa. Watafsiri walichagua pepo kwa sababu lilieleweka, mbinguni kwa sababu ndivyo watu walivyosema, na nchi kwa sababu dunia lilikuwa limechoka. Kila uamuzi ulikuwa na hoja yake kwa wakati wake. Yaliyotokea baadaye ni kwamba maamuzi hayo, yakiwekwa pamoja, yaliegemea upande mmoja, na mabadiliko ya lugha yakaongeza uzito upande huohuo.

Kwa watafsiri wa sasa, matokeo ni mahususi. Inafaa ijaribiwe ufalme wa mbingu bila -ni. Inafaa Ufunuo 2:7 ipewe tanbihi inayoihusisha bustani na pepo. Inafaa iulizwe kama nchi mpya bado inasema kile ilichokusudiwa kusema, au kama dunia iliyofanywa upya, pamoja na urefu wake, sasa ni mwaminifu zaidi. Hatari ya kubadili ni kubwa, kwani maneno ya Tafsiri ya Muungano yamezama katika kumbukumbu za watu na hayang'oki bila maumivu.

Kwa wanafunzi wa fasihi ya kidini, utafiti uliobaki ni mwingi. Vitabu vya nyimbo vya madhehebu mbalimbali vinahitaji kuhesabiwa vitenzi vyake: ni mara ngapi muumini anapanda, na ni mara ngapi mji unashuka. Dua za mazishi zinahitaji kulinganishwa na kanuni za imani zinazosomwa katika ibada hiyohiyo. Kwa makadirio yetu, umbali kati ya hizo mbili ni mkubwa kuliko wanavyodhani wanaozitamka, na umbali huo umo katika sarufi kabla ya kuwa katika teolojia.